Tundu la Mia

Jumatatu, 7 Februari 1966

Anjera saba leo, chapati laini za Kisomali. Mbili zimeungua. Hooyo amezila hizo mbili mwenyewe, akaniachia nzima, kisha akasema, "Soma sana, bika kidogo." Hooyo ni mama yake Abdi. Kwa Kisomali maana yake ni mama, nami namwita hivyo hivyo. Herufi p haikai mdomoni mwake. Sikukasirika. Nilicheka mpaka nikamwaga chai.

Wiki ya sita ya ndoa. Bado nikisikia viatu vya Abdi kwenye changarawe moyo unaruka. Sina aibu kuandika hivyo. Daftari hili halisomwi na mtu.

Nyumba yetu ni ya wafanyakazi wa maji. Vyumba viwili, paa la bati, karibu na mto Tana na nyumba ya mitambo. Jilaali, kiangazi cha huku, imekaza, mvua ni hadithi. Kwetu Mombasa kulikuwa na upepo. Hapa Garissa upepo nao unatafuta kivuli. Jua likizama ni kafyu, kila mtu ndani. Wengine wanaiona kifungo. Mimi inanirudishia mume wangu mapema. Mungu anisamehe. Kuna vita vya Serikali na mashifta, watu wanafia barabarani, na mimi nafurahia kafyu.

Leo Abdi alichelewa chakula cha mchana. Mikono ilinuka kaboni iliyoungua. Alikula kimya. Abdi akila kimya, ujue kuna mashine imemshinda.

Jumanne, 8 Februari

Nimejua kilichomshinda. Nimecheka tena, na safari hii ilikuwa vibaya.

Kwenye nyumba ya mitambo kuna mota ndogo inayotia dawa kwenye maji ya mto kabla hayajaenda mjini. Inazunguka polepole, mzunguko mmoja kama pigo la moyo, na ni lazima mwendo wake usibadilike. Ikienda mbio, dawa inazidi na maji yanachoma koo. Ikilegea, watu wanakunywa mto mtupu. Nyuma ya mota hiyo kuna dinamo ndogo. Kazi yake ni kuliambia sanduku la umeme mota inakwenda kasi gani. Mota ikikimbia dinamo inatoa umeme mwingi, ikilegea inatoa kidogo, na sanduku linapunguza au linaongeza. Jina lake ni refu, takojenereta. Mafundi wamelikata. Wanaiita tako.

Basi Abdi amekaa mkekani, uso wa msiba, akaniambia, "Salma, tako limeungua."

Nilijaribu kujizuia. Wallahi nilijaribu. Nilijifunika kanga usoni. Hooyo akauliza nini kimeungua. Abdi akamwonyesha kwa mkono, nyuma, kule nyuma ya mota. Hooyo akamtazama mwanawe kwa huruma kubwa akamwambia akae kwenye mto laini.

Mwisho hata yeye Abdi alicheka. Lakini alicheka kidogo, na mimi nikaona nimekosa. Bila hilo tako, sanduku linadhani mota imelala, kwa hiyo linaipiga iende mbio, mbio zaidi, mpaka ikatike. Jana wameizima. Sasa watu wawili wanatia dawa kwa kopo, kwa kukisia.

Maji ya bomba leo asubuhi yalinuka kama hospitali. Jioni hayakunuka kitu.

Jumatano, 9 Februari

Siwezi kuandika vizuri. 

Bwana Mutiso, mkubwa wa kituo, ameamua. Tako jipya liko Nairobi. Kwa barua hawataki tena. Mara ya mwisho waliandika barua wakaletewa kitu kingine kabisa. Lazima aende mtu anayekijua kitu chenyewe. Anayekijua ni Abdi peke yake. Msafara wa malori unaondoka Alhamisi wiki ijayo, tarehe kumi na saba, na wanajeshi mbele na nyuma.

Wiki mbili zilizopita lori lilikanyaga bomu la ardhini barabara hiyo hiyo. Tuliwaona waliorudi. Sikuandika siku ile kwa sababu sikutaka liwe ndani ya daftari hili.

Na Abdi si kama abiria mwingine. Kwenye kizuizi wanajeshi watauona uso wake wa Kisomali kabla ya kusoma kibali chake. Wale wa porini wakimkamata wataisoma barua ya Serikali aliyoibeba kabla ya kuuona uso wake. Kila upande una sababu ya kumshuku. Yeye shughuli yake ni waya tu.

Nimemwambia asiende. Ameniambia mji mzima unakunywa yale maji, hospitali pia. Najua. Nampenda kwa sababu hiyo hiyo. Nachukia kwamba nampenda kwa sababu hiyo.

Alhamisi, 10 Februari

Siku nane, halafu saba.

Lakini kuna jambo. Abdi amerudi saa sita anatembea haraka. Ana wazo.

Alipokuwa anasomea umeme Mombasa, mwalimu wao aliwaonyesha namna nyingine ya kupima mwendo. Bila dinamo. Sahani yenye matundu ukingoni, inafungwa kwenye mota izunguke nayo. Upande mmoja taa, upande wa pili jicho la umeme. Kila tundu likipita, mwanga unapenya, jicho linatoa pigo moja. Mapigo yakija haraka, mota iko haraka. Mwalimu aliiita enkoda. Alisema siku moja mitambo yote itakuwa hivyo, haina brashi za kaboni za kuisha, hakuna kinachogusana na kingine.

Hakuna kinachogusana, na bado kila kimoja kinajua mwendo wa mwenzake. Nikamwambia hiyo ni barua ya mapenzi. Akasema hapana, ni mwanga na bati. Mume wangu hana ushairi hata kidogo. Alikuja kutengeneza redio ya baba, akaitengeneza siku tatu. Baada ya harusi ndipo akakiri kwamba ulikuwa umekatika waya mmoja tu. Ushairi wake ni huo.

Jicho lipo. Projekta ya sinema imelala stoo tangu kafyu ianze, lenzi imevunjika. Ndani yake kuna jicho lililokuwa likisoma sauti kwenye ukanda wa filamu. Bwana Mutiso amekubali litolewe. Lakini amesema, "Fundi, mimi sitaki mchezo. Ikifika Jumatano jioni haijakaa sawa, Alhamisi unapanda lori."

Kinachokosekana ni sahani. Nyepesi, bapa, pana.

Nimetazama jikoni. Naogopa ninachokifikiria.

Ijumaa, 11 Februari

Nimetoa kifuniko cha sufuria kubwa ya pilau.

Ni ile sufuria ya arusi yangu. Mama yangu amekichongea kifuniko herufi zake kwa msumari, M.B., kama wanawake wote wa kwetu, maana vyombo vya shughuli huazimwa mtaa mzima na bila jina havirudi. Nimekipangusa. Nimempa Abdi. Amekigeuza, amekigonga, amekisikiliza. Akasema ni safi kabisa, alumini nyembamba, haina uzito.

Hakuniambia asante. Alinishika shavu, mbele ya mama yake. Kwa mtu wa hapa hiyo ni hotuba.

Jumamosi, 12 Februari

Leo nimefanya kazi ya kisomi. Cheti changu cha kidato cha nne kimepata kibarua.

Abdi anataka matundu mia moja, yaliyoachana sawasawa. Hesabu zake zitakuwa nyepesi. Nikatoa bikari na kipimapembe changu cha shule. Duara ni digrii mia tatu na sitini. Ukigawa kwa mia unapata tatu nukta sita, na kipimapembe changu hakioni nukta. Nikakaa nikafikiri. Kisha nikaweka alama ishirini, kila digrii kumi na nane, na kila nafasi nikaigawa mara tano kwa bikari. Abdi alinitazama kama alivyonitazama siku ya redio.

Abdi akanikatia ukingo uliokunjwa, sahani ikabaki bapa. Abdi akaikaza juu ya ubao kwa kibano cha chuma, akachukua keekee ya mkono, akaanza kutoboa. Mimi napuliza chembe. Hooyo akakaa kitini na tasbihi yake. Tulimpa kazi ya kuhesabu. Tundu moja, punje moja.

Ilikuwa asubuhi nzuri kuliko zote tangu nije Garissa. Hooyo alikuwa akihesabu kwa Kisomali, chini chini, kama anasali. Abdi jasho linamdondoka kwenye ndevu. Alipofika tundu la arobaini Hooyo akamwambia, "Bolebole. Hiyo si adui yako." Tukapumzika, tukanywa chai yenye hiliki na maziwa ya ngamia, tukaendelea. Adhuhuri punje zikaisha, Hooyo akasema neno lake la mwisho, akapitisha mkono usoni, akasema, "Mia. Imetimia."

Abdi akafungua kibano. Tukaipaka masizi ya sufuria isiakisi mwanga. Nyeusi tititi, na matundu kama nyota zilizopanga foleni.

Siku tano.

Jumapili, 13 Februari

Imekataa.

Niliambiwa nipeleke chakula kule kule kituoni, kwa hiyo niliona kwa macho yangu. Sahani imefungwa kwenye mota. Taa huku, jicho kule. Jicho linapeleka mapigo kwenye kijisanduku alichokitengeneza Abdi kwa vitu vya redio mbovu. Kila pigo linajaza kikombe kidogo cha umeme na kukimwaga, ndivyo alivyonieleza. Vikombe vingi kwa dakika, sindano inapanda. Vichache, inashuka. Sanduku kubwa linasoma hapo, kama lilivyokuwa likisoma kwenye tako.

Akawasha taa. Sindano ikapanda ikasema mota inakwenda barabara. Mota imesimama tuli. Haijaanza hata.

Bwana Mutiso akasema, "Fundi, hii yako inaota."

Mafundi wakacheka. Nilitamani niwapige na bakuli la wali.

 Abdi aliitazama taa. Kisha akaipungia mkono mbele yake, haraka haraka. Akatabasamu. Taa inakula umeme wa jenereta, na umeme wa jenereta hucheza, unapanda na kushuka mara mia kwa sekunde. Sisi hatuoni. Jicho linaona. Lilikuwa linahesabu kucheza kwa taa, si matundu.

Kesho wataazima betri ya lori. Mwanga wa betri hauchezi.

Na jua pia linaingia kupitia dirisha. Kinahitajika kitambaa cheusi, kizito. Nimetoa buibui langu la zamani, lile la shule. Kwanza kifuniko, sasa buibui. Nikiulizwa nitoe nini kingine nitatoa.

Jumatatu, 14 Februari

Inazunguka. Inazunguka. Mota inaendeshwa na kifuniko cha mama yangu.

Saa nne asubuhi waliwasha. Betri ya lori, taa haichezi, buibui limefunika kila kitu, utadhani kuna bibi arusi aliyejikunyata pale. Mota ikaamka, ikapanda, ikatulia. Abdi akaishika kwa kitambaa kuibana isizunguke vizuri, sanduku likahisi, likaiongezea nguvu, ikarudi mwendo wake. Akaiachia, ikapunguzwa. Ilikuwa inasikiliza. Nilitaka kulia.

Lakini ina kwikwi.

Inakwenda vizuri, halafu inaruka kidogo. Inakwenda vizuri, inaruka. Dawa nayo inatoka kwa kuruka. Bwana Mutiso aliweka kidole kwenye mpira wa dawa akahisi. Akasema hilo halifai, litavunja gia ndani ya wiki, na hawezi kuliachia maji ya hospitali. Alisema kwa upole safari hii. Upole wake ulinitisha zaidi.

Abdi anasema ni beringi za mota. Kesho atazifungua.

Jumanne, 15 Februari

Beringi ni nzima. Amezitoa, amezisafisha, amezirudisha. Kwikwi ipo.

Akakaza waya zote. Kwikwi ipo.

Tumegombana mara ya kwanza. Nilimwambia apumzike, akaniambia mimi sijui umeme. Kweli sijui. Nikaenda kukaa jikoni karibu na sufuria isiyo na kifuniko. Hooyo akaja akakaa nami, akanipa tende.

Abdi alikuja kuomba radhi kabla ya magharibi. Akasema, "Mdomo wangu ulikuwa na kwikwi." Hapo ndipo nilipolia.

Amefunga begi. Shati mbili, kikoi, barua ya Serikali, kibali. Barua na kibali ameviweka mifuko tofauti, kimoja kulia, kingine kushoto. Nilielewa kwa nini. Sikumuuliza. Awe na mkono wa kuchagua cha kuonyesha na cha kuficha, akijua ni nani amemsimamisha.

Naogopa. Naandika wazi. 

Jumatano, 16 Februari

Niandike yote kwa utaratibu, nisiruke.

Asubuhi nilipeleka chai kituoni, na Hooyo akaja nami, maana alisema kama mwanawe anaondoka kesho anataka kumwona leo mara nyingi. Abdi alikuwa amechoka, macho mekundu. Mota inazunguka, inaruka, inazunguka, inaruka. Amesimama tu anaitazama.

Sikuwa na la kufanya. Nikahesabu. Mimi ni mtu wa kuhesabu, tangu arusi nahesabu kila kitu. Nikahesabu kwikwi. Nikagundua hazikuwa zikija ovyo. Zilikuja kwa zamu, sawasawa, kama kiitikio cha wimbo.

Nikainua pembe ya buibui kidogo tu. Sahani inapita, inapita, na herufi za mama zinapita nayo. M.B. Masizi hayakuzifunika zote, zinang'aa. Nikasubiri. Herufi zilipofika juu, karibu na taa, mota ikaruka. Zikazunguka zikarudi. Ikaruka. Mara ya tatu. Ikaruka.

Nikamwambia Abdi, "Kwikwi iko kwenye jina la mama."

Akanitazama kama nimepigwa na jua. Mafundi nao. Mmoja akasema mama mkwe ana nguvu kweli, yuko Mombasa na anamsukuma mkwewe Garissa.

Lakini Abdi akazima. Akaifungua sahani akaileta mlangoni penye mwanga. Nikaweka kidole chini ya herufi, nikafuata ukingo. Tundu, tundu, tundu. Kisha pengo. Mahali pa tundu pamebaki bati tupu, na juu yake mkwaruzo wa meno ya kibano.

Ndipo tukakumbuka. Jumamosi kibano kilikuwa kimekalia alama moja. Tulisema tutaimaliza mwisho, kikitolewa. Lakini punje ziliisha, Hooyo akasema mia, tukaamini tumemaliza. Nikahesabu moja moja kwa sauti. Tisini na tisa.

Tukamgeukia Hooyo.

Naye hakutikisika. Akainua tasbihi. Punje tisini na tisa, thelathini na tatu mara tatu, kama tasbihi zote. Akasema ni mia. Abdi akamwambia, Hooyo, hizi ni tisini na tisa. Akasema, "Na ya mia inasemwa kwa mdomo. Wewe hukusali? Subhanallah, alhamdulillah, Allahu akbar, zote kwa bunje. Ya mwisho, la ilaha illallah, haina bunje. Mimi niliisema. Nyinyi hamkusikia?"

Alikuwa ameisema. Nakumbuka neno lake la mwisho, na mkono usoni. Tundu la mia lilisomwa, halikutobolewa.

Abdi aliketi chini, pale pale mlangoni, akacheka mpaka akashika mbavu. Nilikuwa sijamwona akicheka hivyo tangu Mombasa. Akanieleza akiwa chini bado. Pengo likipita, jicho linakosa pigo moja. Kikombe hakijai. Sanduku linadhani mota imelegea ghafla, linaisukuma. Kumbe haikulegea. Kila mzunguko, msukumo mmoja wa bure.

Bwana Mutiso alikuja kuangalia kelele ni za nini. Akaelezwa. Akamtazama Hooyo, akavua kofia. Akasema, "Mama, hesabu yako ni sawa. Ni bati lilikosea."

Nikaweka alama mwenyewe, kwa bikari. Abdi akashika keekee. Hooyo akasimama juu yetu na tasbihi yake. Abdi alipotoboa, chembe zikaanguka, Hooyo akasema la ilaha illallah kwa sauti kubwa ya kutosha hata mto usikie.

Saa nane waliifunga. Buibui likarudi. Mota ikaamka, ikapanda, ikatulia.

Tulisubiri kwikwi. Niliishika mikono yangu miwili. Herufi za mama zikapita kwenye taa. Zikapita tena. Bwana Mutiso akaweka kidole kwenye mpira wa dawa, akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu sana. 

Akafumbua macho akasema, "Fundi, kafungue begi lako."

Alhamisi, 17 Februari

Msafara umeondoka saa mbili asubuhi. Malori tisa. Niliusikia kutoka uani, injini moja moja zinakwenda zikififia upande wa Nairobi. Hooyo alisimama nami akawaombea wote waliomo, wanajeshi na abiria na madereva, bila kuchagua. Nami nikasema amin kwa kila mmoja. Wana wake zao pia.

Bwana Mutiso amempa dereva barua ya kuagiza tako jipya. Ameandika juu kabisa, kwa mkono wake, kwamba si la haraka.

Abdi alikuwa kituoni tangu alfajiri. Anaandika kwenye karatasi namna ya kutengeneza kitu hicho, kama siku moja atakihitaji fundi mwingine. Ameniomba nimwandikie sehemu ya kugawa duara. Ameacha nafasi juu akasema niandike jina langu. Nimeandika majina yetu wawili. Na la Hooyo.

Begi lilikuwa bado kitandani. Nimetoa shati, nimetoa kikoi. Barua na kibali nimevirudisha kwenye kasha, mfuko mmoja.

Ijumaa, 18 Februari

Abdi amerudi kutoka sala ya Ijumaa, amekula, amelala. Bati linalia kwa joto. Hooyo naye amesinzia, tasbihi mkononi. Amefunga uzi mwekundu kwenye punje ile kubwa ya mwisho. Amesema ni kwa ajili yetu sisi tusiosikia.

Pilau ya leo nimeifunika kwa sinia. Wali umeiva, juu umebaki mgumu kidogo. Hakuna aliyelalamika.

Nimejaza gilasi bombani nikanywa polepole. Harufu ya dawa, nyepesi, karibu haipo. Ladha ni ile ile ya jana.

Nimekaa hapa mlangoni. Namhesabia Abdi pumzi. Hazina kwikwi.